Uzi: Vitamini C inazuia mafua kweli, au tunakojoa hela?

#1 Mizani
Wakuu, salaam. Mvua zikianza tu, vichupa vya vitamini C vinahamia mbele kabisa ya kaunta za maduka ya dawa, na kila mtu ana ushauri wake: meza kila siku hutaugua, meza gramu nzima ukianza kupiga chafya, kamulia ndimu mbili usiku asubuhi umepona. Tuliangalie jambo hili kwa namba.

Tatizo la kwanza ni kwamba watu huchanganya maswali matatu. Je, ukimeza kila siku ukiwa mzima, utapata mafua mara chache zaidi? Je, ukimeza kila siku, mafua yakija yatakaa siku chache zaidi? Je, ukianza kumeza baada ya mafua kukushika, utapona haraka? Majibu hayafanani.

Mapitio ya Cochrane (mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba) ya mwaka 2013, ya Harri Hemilä na Elizabeth Chalker, yalikusanya majaribio ya mg 200 kwa siku au zaidi. Kwenye swali la kwanza kulikuwa na milinganisho 29, watu 11,306. Kwa watu wa kawaida, pale ambapo wasiomeza wangeugua mafua 100, waliomeza waliugua 97, na hata hizo 3 hazina uhakika. Kwa maneno mengine, haizuii.

Swali la pili: kwa waliokuwa wakimeza kila siku kabla ya kuugua, muda wa mafua ulipungua kwa asilimia 8 kwa watu wazima na 14 kwa watoto. Swali la tatu: walioanza baada ya dalili, hakuna faida iliyojirudia jaribio kwa jaribio. Na hilo la tatu ndilo tunalolifanya wengi!

#2 Kitasa
Mkuu Mizani, asilimia 8 ni nini kwa mtu aliyelala na kitambaa puani? Tupe saa.

#3 Mizani
Mafua ya siku 7 ni saa 168. Asilimia 8 yake ni saa 13 na ushee, yaani nusu siku. Mtu mzima hupata mafua mara 2 hadi 3 kwa mwaka. Kwa hiyo unameza vidonge 365 ili uokoe siku moja au moja na nusu kwa mwaka mzima, tena siku hizo hupewi mkononi kama likizo. Unapona saa chache mapema kuliko ambavyo ungepona, na wewe mwenyewe huwezi kuziona saa hizo, kwa sababu mafua yenyewe hayalingani: haya siku 5, yale siku 10.

#4 Kitasa
Sawa, lakini Linus Pauling hakuwa mtu wa mtaani. Nobel mbili, ya kemia 1954 na ya amani 1962, na ndiye aliyeandika kitabu mwaka 1970 akisema gramu 1 au zaidi kila siku inakinga mafua. Mtu wa namna hiyo alikosea wapi?

#5 Darubini
Ndugu Kitasa, Pauling alitegemea sana jaribio la Ritzel la 1961 huko Uswisi. Watoto 279 kwenye kambi za kuteleza kwenye theluji, gramu 1 kwa siku, na waliopewa vitamini waliugua kidogo kwa wazi kabisa. Jaribio halikuwa baya. Kosa lilikuwa kuchukua watoto wanaohangaika kutwa kwenye baridi kali kwa siku chache, kisha kusema ndivyo ilivyo kwa karani aliyekaa ofisini mwaka mzima.

Baada ya kitabu, yakaja majaribio makubwa. Toronto, 1972, Anderson na wenzake: watu 818, gramu 1 kila siku na gramu 4 kwa siku 3 za mwanzo wa ugonjwa. Waliomaliza msimu bila kuugua kabisa walikuwa asilimia 26 upande wa vitamini na 18 upande wa vidonge visivyo na dawa. Siku za kubaki nyumbani zilipungua kwa asilimia 30 hivi. Unaona kwa nini mjadala haukufa? Jaribio hilo moja lingetosha kumfurahisha Pauling. Lakini yakipangwa yote pamoja, faida ya kinga inayeyuka na ile ya kufupisha ndiyo inayobaki, ndogo.

Kuna jaribio moja kila mtu anayependa kusema "mimi nilimeza nikapona" angelisoma. Ni la Karlowski, 1975, kwa wafanyakazi wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, NIH. Vidonge vya kulinganishia vilijazwa laktosi, yaani sukari ya maziwa, ambayo ni tamu kidogo. Vitamini C ina ladha chachu. Washiriki wakafungua vidonge, wakaonja, wakajua nani kapewa nini. Walipochambuliwa wale tu ambao hawakujua walichomeza, tofauti ikatoweka. Hemilä baadaye aliupinga uchambuzi huo kwa hoja nzito, kwa hiyo msiufanye Msahafu. Lakini tangu hapo kila anayepanga jaribio la vitamini C anajua kwamba kidonge tupu lazima kiwe kichachu, kwa kawaida huwekwa asidi ya sitriki.

#6 MbioNdefu
Wakimbiaji je? Huku kwetu kila mwenye mbio za kilomita 42 anabeba kichupa.

#7 Darubini
Hapo ndipo penye habari ya maana. Ndani ya mapitio yale yale kuna majaribio 5 ya watu 598: wakimbiaji wa masafa marefu, watelezaji wa theluji na askari kwenye mazoezi ya baridi kali. Kwao mafua yalipungua kwa karibu nusu. Mojawapo ni la Afrika Kusini, mbio za Comrades, kilomita 90 hivi kati ya Durban na Pietermaritzburg: mg 600 kwa siku kwa siku 21 kabla ya mbio. Wiki mbili baada ya mbio, asilimia 68 ya waliopewa vidonge tupu waliripoti dalili za koo na pua. Waliopewa vitamini ni asilimia 33.

Lakini soma masharti. Ni dalili zilizoripotiwa, na koo la mtu aliyehema kwa mdomo kilomita 90 linaweza kuwasha bila kirusi chochote. Majaribio yenyewe ni madogo na ya muda mfupi. Na hakuna hata moja kati ya hayo lililopima mtu anayekimbia kilomita 5 Jumamosi halafu akaenda kula chipsi.

Kwa mkimbiaji wa kweli: mg 250 hadi 500 kwa siku, wiki 2 hadi 3 kabla ya mbio, halafu basi. Usimeze gramu nzima miezi yote ya mazoezi. Zipo tafiti zilizoonyesha kwamba dozi kubwa ya kila siku hupunguza baadhi ya mabadiliko ambayo misuli inapaswa kuyapata kutokana na mazoezi. Misuli hutumia kemikali kali zinazozaliwa na mazoezi kama ishara ya kujijenga, wewe unaizima ishara.

#8 Kidakatonge
Sasa kwa nini kiwango kisiongezwe? Kama mg 200 hazikingi, labda 2000 zitakinga. Ndiyo hoja ya wauza makopo makubwa.

#9 Mizani
Dada Kidakatonge, kwa sababu mwili una mlango, na mlango una upana wake. Vitamini C hupita ukuta wa utumbo kwa wabebaji maalumu, na hao wakijaa wamejaa. Mark Levine na wenzake wa NIH walipima jambo hili mwaka 1996 kwa vijana wa kiume 7 wenye afya, dozi kutoka mg 30 hadi 2500. Mg 200 kwa mara moja karibu zote huingia. Mg 1250, chini ya nusu. Chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wenyewe, hujaa tayari kwenye mg 100 kwa siku. Kwenye damu, mg 200 kwa siku mstari wa grafu umeanza kulala, na ukifika 1000 umelala kabisa.

Kinachozidi kina njia mbili. Kilichoingia damuni figo zinakitoa ndani ya saa chache. Kilichobaki utumboni huvuta maji, ndiyo maana aliyemeza gramu 3 kwa pamoja anakitafuta choo. Tumbo likisokota na kuharisha bila homa, angalia kwanza kopo kabla ya kulaumu maharage.

Na ile ya mkojo kuwa wa njano kali, watu wanasema "vitamini C inatoka hiyo". Hapana. Vitamini C haina rangi. Hiyo njano ni vitamini B2 kwenye vidonge vya mchanganyiko.

#10 Kidakatonge
Na watoto? Asilimia 14 inavutia, kwa sababu mtoto wa chekechea anaugua mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka.

#11 TabibuPembeni
Inavutia mpaka uangalie dozi. Kwa watoto waliopewa gramu 1 hadi 2 kwa siku punguzo lilikuwa asilimia 18. Sasa linganisha na kiwango cha juu kinachokubalika Marekani: miaka 1 hadi 3, mg 400 kwa siku. Miaka 4 hadi 8, mg 650. Miaka 9 hadi 13, mg 1200. Yaani dozi iliyotoa matokeo mazuri kabisa inavuka kikomo cha mtoto wa chekechea kwa mbali, na kikomo hicho kimewekwa kwa sababu ya kuharisha, jambo ambalo mtoto mdogo halivumilii kama wewe.

Mahitaji yao ni madogo: mg 15 kwa miaka 1 hadi 3, mg 25 kwa 4 hadi 8. Nusu pera inamaliza. Kosa ninaloliona sana kwenye maelezo ya wazazi ni kuacha kichupa cha vidonge vya kutafuna mahali mtoto anapofika, kwa sababu ni vitamu kama peremende. Kama ni vya mg 500, viwili tu vimeshavuka.

Watu wazima, kwa kumbukumbu: mwanamume mg 90, mwanamke 75, mjamzito 85, anayenyonyesha 120, mvutaji wa sigara aongeze 35 juu ya kiwango chake. FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, wanasema 45 kwa mtu mzima, kiasi cha kuzuia upungufu kikiwa na akiba. Kikomo cha juu cha Marekani ni mg 2000.

#12 NahodhaWaForodhani
Ndugu zangu, mnasahau ndimu. Wazee walivuka bahari kwa ndimu, kiseyeye, ule ugonjwa wa kukosa vitamini C, hakikuwagusa.

#13 BibiUbuyu
Nahodha, kiseyeye ni kweli, ndimu nina neno nayo. James Lind alipojaribu mwaka 1747 kwenye meli Salisbury, mabaharia 12 wenye kiseyeye, dawa 6 tofauti, watu wawili wawili. Waliopona haraka walipewa machungwa na malimau. Miaka mingi baadaye, kwenye miaka ya 1860, jeshi la majini la Uingereza liliacha malimau likachukua ndimu za visiwa vya Karibi, na juisi yenyewe ilipitishwa kwenye mabomba ya shaba, ambayo huiharibu vitamini C. Msafara wao wa ncha ya kaskazini wa 1875 ukarudi na kiseyeye.

Ukali wa ndimu ni asidi ya sitriki, si vitamini C. Maji ya ndimu moja yana mg 13 hivi. Ya limau moja, 18 hivi. Chungwa la wastani, tamu kabisa, lina 70. Na pera moja la wastani, lile lililooza chini ya mti kwa sababu hakuna anayelitaka, linazidi mg 120! Papai gramu 100 ni 60 hivi, nanasi 48, embe 36, hoho ya kijani 80, hoho nyekundu zaidi ya 120, nyanya 14 tu.

#14 Kitasa
Jina lako linadai useme habari ya ubuyu.

#15 BibiUbuyu
Nilikuwa nangoja uulize. Unga wa ubuyu una vitamini C nyingi kwa uzito, mara nyingi hutajwa mg 150 hadi 300 kwa gramu 100, na hutofautiana sana mti kwa mti na jinsi ulivyohifadhiwa. Lakini nani anakula gramu 100 za unga? Kijiko cha chakula kilichojaa ni gramu 10 hivi, kwa hiyo mg 15 hadi 30. Vijiko viwili kwenye bilauri ya maji yasiyo moto, au kwenye uji uliokwisha kupoa kiasi cha kunyweka, umepata sehemu nzuri ya siku. Ukiutia kwenye sufuria inayotokota umebakiwa na ladha na nyuzinyuzi.

Na ule ubuyu mwekundu wa Zanzibar, uliopikwa na shira ya sukari, iliki na rangi, ni kitamutamu. Ule kwa raha yako, usiuhesabu kwenye dawa.

#16 MbioNdefu
Kwa hiyo ile "dawa" ya mahoteli ya Nairobi, limau, tangawizi na asali kwenye maji moto, ni bure?

#17 BibiUbuyu
Si bure, ila si kwa sababu ya vitamini C. Robo limau ina mg 4 au 5 za kuanzia, hata zisipopotea. Kinachosaidia ni maji moto na asali, ambayo hutuliza kikohozi na koo. Asali kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja tu. Chini ya miezi 12 usimpe hata ya kulamba, inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzidhibiti.

#18 Kidakatonge
Mboga za majani je? Wengi wetu ndizo tunazokula kila siku, si mapera.

#19 BibiUbuyu
Mchicha mbichi una mg 40 na kidogo kwa gramu 100, sukuma wiki zaidi ya hapo, kisamvu kibichi kingi sana. Tatizo ni jikoni. Vitamini C huyeyuka kwenye maji, huharibiwa na joto la muda mrefu, hewa, na magadi. Kupoteza nusu au zaidi si ajabu.

Osha majani yakiwa mazima, ndipo ukate, na ukate vipande vikubwa. Ukikata kwanza ukaloweka, umeoshea vitamini kwenye karai. Maji kidogo, kikombe nusu kwa fungu kubwa, yachemke kwanza ndipo utie mboga. Funika, dakika 3 hadi 5. Usimwage mchuzi wake. Kula hapo hapo, kwa sababu ile ya jana iliyopashwa mara mbili imebakiwa na kidogo sana.

Magadi hulainisha mboga na kuhifadhi kijani, lakini hugeuza maji kuwa ya kibesi, yaani kinyume cha asidi, na vitamini C kwenye besi haidumu. Kisamvu ni kesi ya peke yake: lazima kitwangwe na kichemshwe muda mrefu kwa sababu ya sumu ya sianidi, kwa hiyo kitegemee kwa protini na chuma, vitamini C isamehe. Kamulia limau mezani au kula na kachumbari ya hoho. Hiyo mg chache ya mezani ina kazi nyingine nzuri, inasaidia mwili kufyonza chuma cha mboga.

#20 Kitasa
Tuseme mtu kaamua kumeza tu, hapendi matunda. Ameze vipi?

#21 Mizani
Mg 200 kwa siku, basi. Kama duka lina vya mg 500 tu, nusu kidonge kama kina mstari wa kukatia. Pamoja na chakula kama tumbo lina asidi. Vya kutafuna usivinyonye taratibu kutwa: ni asidi inayokaa kwenye meno. Sukutua maji, ngoja nusu saa ndipo upige mswaki. Vya kuyeyusha kwenye maji vina sodiamu nyingi kutokana na ile baikaboneti inayotoa povu, mwenye presha asome lebo kabla ya kufanya mazoea.

Wenye tahadhari. Aliyewahi kuwa na mawe ya figo asiguse dozi za gramu: sehemu ya vitamini C hugeuka oksalati, chumvi inayotengeneza mawe hayo. Utafiti wa wanaume wa Sweden uliochapishwa 2013 ulikuta waliomeza vidonge vya vitamini C wana uwezekano wa kupata mawe karibu mara mbili ya wasiomeza. Mwenye ugonjwa wa chuma kuzidi mwilini naye asiguse dozi hizo. Anayepima kisukari ajue kuwa dozi kubwa zinaweza kuvuruga baadhi ya mashine za kidoleni, zikasoma juu, na kipimo cha kijiti cha mkojo kikaficha sukari au damu iliyopo. Mwambie mpimaji umemeza nini.

Na zile dripu za kung'arisha ngozi, gramu kadhaa moja kwa moja kwenye mshipa, zinaruka ule mlango niliousema. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali iliyoenea kwenye maeneo ya malaria, chembe zake nyekundu zinaweza kupasuka. Huyo ndiye pia anayeambiwa awe mwangalifu na primakwini, dawa ya malaria. Pima kwanza.

#22 TabibuPembeni
Niongeze la wazazi, kwa sababu hapa ndipo muda unapotea watu wakihangaika na vichupa. Mafua ni ya virusi, vya rhino peke yake ni aina zaidi ya 100, ndiyo maana hakuna chanjo yake na amoksilini, ambayo ni antibiotiki ya kuua bakteria, haina kazi hapo, hata kamasi ikiwa ya kijani. Angalia pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii, hesabu dakika nzima kwa saa: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi, miezi 2 hadi 11, 50 au zaidi, mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi. Hizo ni za haraka kupita kiasi. Chini ya mbavu pakibonyea ndani kila anapovuta, akikataa kunyonya au kunywa, au akilegea, mpeleke kituoni saa hiyo hiyo.

Wenzetu wa Kenya wakisema "homa" mara nyingi wana maana ya mafua, sisi Tanzania homa ni joto la mwili. Ukimpigia mtu simu kuuliza, ainisha.

#23 MbioNdefu
Swali la mwisho kwa Mizani. Kopo limekaa juu ya jokofu miezi, vidonge vyeupe vimekuwa na madoa ya kahawia. Bado vinafaa?

#24 Mizani
Hayo madoa ni vitamini iliyokwisha kuungana na hewa. Havitakudhuru kwa lolote kubwa, ila hujui kimebaki kiasi gani, kwa hiyo vitupe. Kopo lijalo liweke kabatini penye kivuli na pakavu, mbali na jiko na bafu, na usikitoe kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu. Vile vya kuyeyusha, kinyonya unyevu kiko ndani ya kifuniko chenyewe: ukiacha wazi usiku mmoja wa masika, asubuhi unakuta vimevimba na povu halipandi tena.